Antena ya Televisheni ya Ushirika: Tununue Ipi, Tuisimamishe Wapi?

(Mazungumzo haya yalisomwa na kamati ndogo ya televisheni mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa ili na wale waliokuwa shambani siku ile wayapate. Asiyeona vizuri maandishi haya asomewe na jirani yake.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa halmashauri, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mliosimama dirishani,

Mkutano uliopita ulitutuma kazi moja: tutafute antena ya nje inayoifaa televisheni ya ushirika, tujue bei yake, kisha tuje tuwaeleze. Mkatukabidhi shilingi 120,000. Kazi tumeifanya, na leo tumekuja na majibu. Lakini kabla ya kufika huko hatuna budi kuanza na kosa letu, maana fedha iliyotumika mara ya kwanza haikutoka mifukoni mwetu sisi watu watano. Ilikuwa fedha ya wanachama wote.

Kama mnavyokumbuka, tulinunua antena ya kwanza mnadani kwa shilingi 45,000. Kisanduku chake kilikuwa na picha nzuri, na juu yake pameandikwa "dijitali" na "kilometa 300". Sisi tukasema, kama inakamata kilometa 300, basi mjini hapo ni mchezo. Tukaifunga juu ya paa la ukumbi. Siku ya kwanza zikaja chaneli mbili. Watu wakapiga makofi. Kufika saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo inaanza, msomaji akaganda mdomo wazi, uso ukakatika vipande vipande, kisha kioo kikawa cheusi. Tangu siku ile mambo ni hayo hayo.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema kamati imekula hela. Hatuwalaumu. Stakabadhi ipo kwa mtunza hazina, na kila mwanachama anayo haki ya kuiona. Hela hatukuila, ila tuliitumia bila ya kuuliza. Na hilo nalo ni kosa.

Wako wanaosema jambo la televisheni ni la anasa, tuliache. Tunajibu hivi: hivi sasa vijana wetu wakitaka kutazama mpira huenda mjini kwa miguu, na hurudi saa sita za usiku kwa barabara kuu. Mwezi uliopita wawili wao nusura wagongwe na lori. Wazazi wao wamo humu ndani, wanajua. Televisheni ikionyesha vizuri hapa kijijini, barabara ile haitakuwa na kazi nao usiku. Kwa hiyo jambo hili si la anasa.

Sasa twende kwenye yale tuliyojifunza.

JAMBO LA KWANZA: ANTENA HAITENGENEZI PICHA

Antena hupokea tu kile kilichofika pale ilipo. Mnara wa mjini unarusha mawimbi, na mawimbi hayo yanakwenda karibu sawa na mwanga wa tochi. Ukimulika tochi ng'ambo ya kilima, aliye nyuma ya kilima hauoni mwanga wako, hata awe na macho makali namna gani. Antena ndiyo jicho. Kama mawimbi hayafiki, antena ya bei kubwa na ya bei ndogo zote ni vipofu sawasawa.

Tena dunia ni mviringo. Kwa nchi tambarare kabisa, mnara wenye urefu wa mita 100 na antena iliyo juu ya mti wa mita 9 huonana kwa kiasi cha kilometa 50 na kidogo. Antena hiyo ukiishusha hadi mita 4, huonana kwa karibu kilometa 49. Mnara ukiwa juu ya mlima mrefu, huonana kwa mbali zaidi. Basi, yale maandishi ya "kilometa 300" yalikuwa maneno ya kuuzia. Hakuna kisanduku kinachojua mnara wetu uko wapi, wala kilima chetu kina urefu gani.

Hivyo basi, swali la kwanza la mnunuzi si "antena hii bei gani?" Swali la kwanza ni "mnara uko upande gani, na kati yangu na mnara pana nini?"

JAMBO LA PILI: CHENGA ZIMEKWISHA, LAKINI SHIDA IPO

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Huku Bara tulingoja mpaka miaka ya tisini. Katika mitambo ile ya zamani, mawimbi yakiwa hafifu picha ilijaa chenga, lakini ulimwona mtu na sauti ukaisikia. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilianza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Sasa matangazo ni ya dijitali, na ndiyo maana tunahitaji king'amuzi.

Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama maji ya chemchemi. Yakipungua kidogo tu chini ya kiasi, picha inaganda, inakatika miraba miraba, kisha hakuna kitu. Katikati hakuna. Ndiyo maana antena yetu ilionyesha mchana siku moja na usiku ikakataa: tulikuwa tumesimama ukingoni kabisa, na punguzo dogo likatuangusha.

King'amuzi kinayo orodha ya mipangilio, na ndani yake mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora. Angalieni zaidi ule wa ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa huku ubora ni mdogo, na picha isionekane.

JAMBO LA TATU: HAKUNA ANTENA MAALUMU YA DIJITALI

Hili lilitushangaza hata sisi. Antena ni fito za aluminiamu zilizopangwa juu ya boriti, kama miba ya samaki. Umbo hilo lilibuniwa Japani, na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walilitangaza mwaka 1926, kabla televisheni haijaingia majumbani mwa watu. Ufito mmoja ndio unaounganishwa na waya. Ulio nyuma yake ni mrefu kidogo, kazi yake ni kurudisha mawimbi mbele. Za mbele ni fupi kidogo, kazi yake ni kuyaelekeza. Ni kama mzee anavyoweka kiganja nyuma ya sikio ili amsikie anayesema mbele yake: anasikia vizuri upande mmoja, na kelele za upande mwingine zinapungua. Ndiyo maana antena ya namna hii lazima ielekezwe mnarani, ile ncha yenye fito fupi ikiwa mbele.

Kinachobadilika ni urefu wa fito. Matangazo ya dijitali tunayoyatumia yako katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Fito zake huwa kama sentimeta 20 hadi 30 na kitu. Zile antena za zamani zenye fito za sentimeta 75 au zaidi zilikuwa za masafa ya VHF, hazitufai. Basi ukienda dukani chukua rula. Fito zikiwa ndefu kama mkono mzima wa mtu mzima, achana nayo, hata kama imeandikwa "dijitali" kwa rangi ya dhahabu. Fito zikiwa za sentimeta 25 hivi, antena ni ya UHF, hata kama haijaandikwa chochote.

Mengine ya kutazama ni haya: fito zisiwe zinacheza, maana upepo wa Julai utazing'oa. Pale waya unapoingia pawe na kifuniko cha kuzuia mvua. Chuma cha kushikia mti kiwe imara, na nati zake zisiwe zimeanza kutu ungali dukani.

Na jambo moja dogo linalosahauliwa: iko minara inayorusha mawimbi yaliyolala na iko inayorusha yaliyosimama. Fito za antena zilale au zisimame kufuata mnara. Kama hujui, tazama antena ya jirani inayoonyesha vizuri, au jaribu namna zote mbili.

JAMBO LA NNE: WAYA NI KAMA BOMBA LA MAJI

Mnalikumbuka bomba letu la maji lililokuwa linavuja njiani? Tangi limejaa, lakini kituoni maji ni machozi. Waya wa antena ni vivyo hivyo. Hata waya mzuri hupoteza. Ule unaoandikwa RG6 kwenye ganda lake, kwa masafa haya, katika mita 15 hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Mita 15 nyingine, nusu ya ile nusu. Waya mwembamba hupoteza zaidi. Kwa hiyo tununue waya mnene wa omu 75, uwe mfupi kadiri iwezekanavyo, na usiungwe ungwe kwa kusokota na gundi ya karatasi. Sisi wenyewe tulipoishusha antena yetu tulikuta tumeunga mahali pawili, na ndani ya kiungo kimoja pameingia maji.

JAMBO LA TANO: BUSTA SI MWUJIZA

Wengi mmetuambia, "Nunueni busta." Hebu tufikirie kipaza sauti cha mkutano. Msemaji akisema wazi lakini kwa sauti ndogo, kipaza sauti kinamsaidia. Msemaji akinong'ona katikati ya makelele, kipaza sauti kinakuza na makelele. Busta nayo ni hivyo. Inasaidia pale mawimbi mazuri yanapopotea katika waya mrefu, tena ifungwe juu karibu na antena. Ikifungwa nyuma ya televisheni, inakuza kilichokwisha kuharibika. Na mawimbi yasiyofika, busta haiyaleti.

TULIVYOFANYA MAJARIBIO

Baada ya kujua hayo, tuliazima televisheni ndogo ya sola kwa mwalimu, pamoja na betri yake, tukachukua king'amuzi cha ushirika. Tukafunga antena juu ya mwanzi wa mita 4, tukazunguka kijiji siku mbili. Watoto walitufuata kama tumebeba ngoma.

Hapa ukumbini mstari wa ubora haukupita 20. Tukaunga mianzi hadi mita 9. Ukapanda hadi 25, picha ikaja ikaondoka. Kisimani hakuna kitu kabisa. Penye mwembe wa zahanati, 35, na picha inakatika. Sababu ni ile ile: ukumbi wetu uko bondeni, na kilima kinauziba upande wa mjini. Kilima kile kinazidi mwanzi wowote mtakaoukata.

Tulipofika ghalani jua lilikuwa linazama. Tukiwa tunafunga mwanzi, bibi mmoja anayekaa jirani na ghala akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia, mnara wa mjini. Akasema, "Si ule wenye taa nyekundu? Mimi nauona kila usiku nikitoka nje." Tukangoja giza liingie. Kweli bwana, taa nyekundu zile pale, katika pengo la kilima. Antena tukaielekeza kwenye taa. Ubora ukawa 55, picha imetulia, na hiyo ni antena yetu ile ile ya mnadani tuliyoitukana! Tukaazima antena nyingine ya kawaida kwa fundi wa mjini, fito za aluminiamu tu, haina mbwembwe; ikapata 70.

Ndugu wanachama, bibi yule amekaa pale miaka yote. Hatukumwuliza. Tulikwenda mnadani kumwuliza mwenye kuuza.

NJIA ZILIZO MBELE YETU

Njia ya kwanza: televisheni ibaki ukumbini, antena iwe ghalani, tuvute waya. Tumepima kwa kamba, ni mita 130. Kwa urefu huo, mawimbi yatakayofika ukumbini hayatafikia hata sehemu moja ya mia ya yale yaliyokamatwa. Itabidi mabusta, nguzo na waya mwingi, na ng'ombe watakata waya kila msimu. Hatuipendekezi.

Njia ya pili: tununue dishi la setilaiti na king'amuzi chake. Dishi linatazama juu angani, kilima chetu hakilisumbui kama hakiko upande wake. Njia hii ni nzuri kwa vitongoji visivyouona mnara kabisa. Lakini tukumbuke, king'amuzi cha antena hakifanyi kazi na dishi, itabidi kununua kingine. Na kabla ya kutoa fedha lazima tuulize kwa mdomo wetu: malipo ya mwezi yakiisha, ni chaneli zipi zitabaki zikionyesha?

Njia ya tatu: televisheni ihamie barazani pa ghala. Antena tuliyo nayo ifungwe pale juu ya bomba la chuma, waya mzima wa mita 12 bila kiungo. Hatununui antena mpya. Tunanunua bomba, waya na vifaa vya kinga ya radi tu.

Sisi wa kamati tunapendekeza njia ya tatu. Tunajua ina ubaya wake, na hatutaki kuuficha. Ukumbi huu tumeujenga kwa jasho, umepakwa rangi juzi juzi, na wengi tulitamani televisheni ikae humu. Wazee wa kitongoji cha chini watapanda mlima kwenda ghalani. Wakati wa mavuno baraza litajaa magunia. Na mlinzi wa ghala ana haki ya kuuliza, watu mia wakikaa pale usiku, nani atajibu gunia likipotea? Hayo tuyajadili hapa wazi wazi, kila mtu aseme, kisha tupige kura. Kamati haitahamisha hata msumari mmoja kabla ya kura.

TAHADHARI ZA LAZIMA

Njia yoyote mtakayoichagua, haya hayana mjadala. Bomba la antena lisimame mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wa bomba lenyewe, ili hata likianguka lisiziguse. Wakati wa majaribio kijana wetu mmoja alipita na mwanzi mbichi karibu kabisa na nyaya zile. Tulipiga kelele wote. Mungu alisaidia. Kazi ya kusimamisha bomba ifanywe na watu watatu au zaidi, mchana, pasipo mvua wala upepo mkali.

Bomba liunganishwe kwa waya mnene wa shaba hadi fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, na kazi hiyo aifanye fundi wa umeme. Hata hivyo radi haina rafiki. Wingu likianza kujikusanya, waya wa antena uchomolewe, na televisheni ichomolewe kwenye umeme. Tuchomoe mapema: radi ikishaanza kupiga karibu, asiuguse mtu.

KWA WANAOTAKA KUNUNUA MAJUMBANI

Wako wenzetu walioanza kuweka akiba ili wanunue za kwao. Tunawaomba wafuate mpango huu: kwanza tokeni nje usiku mtazame kama mnaziona taa za mnara. Pili, njooni kamati iwaazime antena ya majaribio kabla hamjatoa senti. Tatu, chukueni rula dukani. Nne, nunueni waya bora hata kama antena ni ya bei ndogo. Tano, ombeni stakabadhi, na makubaliano kwamba isipofaa mtairudisha. Muuzaji akikataa kuandika, nanyi kataeni kulipa.

Mwisho, ndugu Mwenyekiti: zile shilingi 120,000 tulizokabidhiwa kununulia antena hatujazigusa. Tumezirudisha kwa mtunza hazina asubuhi ya leo, mbele ya mashahidi wawili. Mlitutuma kununua antena, nasi tumerudi na fedha yenu mkononi. Mkipitisha njia ya tatu, tutaomba kiasi cha kutosha bomba, waya na kinga ya radi tu, kwa orodha itakayobandikwa hapa ukutani kila mtu aione. Kinachobaki kikae katika sanduku la ushirika.

Na zile 45,000 za mwanzo, zikionyesha picha ghalani, mtatusamehe. Zisipoonyesha, tuiteni tena mbele yenu.



Kamati Ndogo ya Televisheni